Taarifa Namba Thelathini na Tisa

Mwaka jana, kuanzia Aprili hadi Juni, hapakuwa na mtu mjini Lushoto aliyenizidi kujua mambo ya ubaguzi dhidi ya wanawake viongozi. Sijisifu. Hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa anashindana.

Shirika moja la Tanga lilitaka mapitio ya tafiti zilizoandikwa juu ya jambo hilo. Kazi wakanipa mimi, kwa kuwa nafundisha chuoni na kwa kuwa, nadhani, mtu waliyemtaka kwanza alikuwa safarini. Naitwa Yusta. Nimezaliwa Rangwi, nina miaka arobaini na saba, na miezi ile meza yetu ya chakula ilijaa karatasi mpaka mume wangu akawa anakula jikoni, sahani mapajani, bila kulalamika. Nililiandika hilo mahali fulani kama mfano wa mwanamume anayebadilika.

Maandiko yalikuwa thelathini na nane. Mengi yalikuwa tafiti za vyuo. Machache taarifa za tathmini, zile ambazo ofisi na vikundi huandika juu ya viongozi wao. Karibu yote yalisema jambo moja kwa sauti mbalimbali: mwanamume akiwa mkali ana msimamo, mwanamke akiwa mkali ana roho mbaya, akiwa mpole hawezi kuongoza, akiuacha upole hana adabu. Nilipigia mistari kwa kalamu ya njano. Nilipofika andiko la ishirini kalamu ilikuwa imekwisha, nami nilikuwa nimekwisha kuwa mtu asiyevumilika.

Siku moja kantini, mhasibu wa chuo alisema mkuu mpya wa idara yetu, ambaye ni mama, "anajisikia". Niliweka kijiko chini. Nikamuuliza kama neno hilo angelisema kwa mwanamume. Nikamweleza andiko namba saba, kisha namba kumi na mbili. Chai yake ilipoa akiwa ameishika. Nilipoinuka pale nilijiona nimefanya kazi ya kutwa, na sikushangaa kwamba tangu siku hiyo meza yangu ya kantini ilikuwa na nafasi tele.

Kazi ya namna hii haifanywi na jicho moja. Zile taarifa za tathmini zilipimwa kwa fomu ya maswali matano, na kila "ndiyo" ilikuwa alama moja ya ubaguzi. Tano kwa tano maana yake andiko limeoza. Wasomaji wawili walipima kila mmoja kivyake, jina la mwandishi likiwa limefutwa, halafu wakalinganisha. Msomaji wa pili niliyepewa ni Martin, mwalimu wa takwimu, yuko Muheza. Nilisoma naye zamani. Ni yule mtu ambaye ukimsalimu unaweza kumaliza shughuli nyingine ndogo kabla hajaitika. Niliposikia ni mwanamume nilitabasamu. Niliposikia ni Martin nikatenga kabisa siku mbili kwa ajili ya kumrekebisha.

Katikati ya Mei Fanueli akanipigia simu. Fanueli ni katibu wa ushirika wa wakulima wa mboga wa Kwemhula, kijiji kilichoko juu ya Rangwi, ambako karoti na kabichi zinapakiwa kwenye lori kwenda Dar mara tatu kwa wiki.

"Mwalimu, tuna tatizo na mwenyekiti wetu," akasema. "Wanachama kumi na wanne wameandika barua. Wanasema ni mkali."

"Ni mwanamke?"

"Ndiyo. Hadija. Ana mwaka wa pili sasa."

Nikakaa vizuri kitini.

"Bodi imeona tumwite mtu wa nje," Fanueli akaendelea, "asikilize pande zote, atuandikie taarifa. Itasomwa kwenye mkutano mkuu, kisha watu wapige kura kama abaki au aondoke. Tumesikia wewe ndiye unayeshughulika na mambo haya haya."

Nikamwambia wamepiga simu mahali penyewe.

Nilipanda na bodaboda asubuhi ya Jumatano. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, na mimi nilikuwa nimevaa viatu vya ofisini, kwa sababu nilitaka waone kwamba jambo lao limechukuliwa kwa uzito. Fanueli akanipeleka kwanza kwa Mzee Ismaili, aliyeandika ile barua, kwa kuwa nyumba yake ndiyo ya kwanza kufikiwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu ndani, kuna baridi."

Tulikaa kwake saa mbili na nusu. Palikuwa na moto. Palikuwa na chai ya maziwa, mihogo ya kuchemsha, na asali ya mizinga yake mwenyewe. Mzee Ismaili ni mtu wa kusimulia. Alinieleza jinsi Hadija alivyomrudishia magunia matatu ya karoti mbele ya watu, mkwe wake amesimama pale pale.

"Unajua aliniambia nini?" akasema, sauti ikashuka. "Aliniambia, Mzee Ismaili, karoti hizi hata ukimpa mbuzi atauliza maswali. Mbele ya mkwe wangu! Watu wakacheka. Mkwe wangu akatazama chini."

Niliandika yote. Karoti zenyewe zilikuwaje hakuniambia, na mimi, nikiwa na muhogo mkononi, sikuuliza.

Hadija tulimkuta bandani, penye mizani. Ni mwanamke wa miaka kama arobaini, mwembamba, mtandio umefungwa kwa nyuma, mabuti ya mvua miguuni. Alikuwa akipima magunia na kuyaita majina ya wenyewe bila kutazama daftari.

"Karibu, Mwalimu. Lori linaondoka saa sita. Una dakika kumi. Uliza."

Nilikuwa nimesimama kwenye maji yaliyooshewa karoti. Hakunipa kiti, kwa kuwa banda lile halina kiti. Chai haikuwapo.

"Kwa nini ulirudisha karoti za Mzee Ismaili?"

"Zilikuwa zimeoza ncha. Weka lile pembeni, hilo, la Sabra, limefungwa vibaya." Hayo ya mwisho alikuwa akiwaambia wapakiaji.

"Usingeweza kumwambia kwa upole?"

"Upole ninao, Mwalimu. Lori ndilo halina."

"Baadhi ya wanachama wanasema hawakufurahii."

"Sikuchaguliwa niwafurahishe. Nilichaguliwa mboga zao zifike Dar hazijaoza. Fanueli, zinafika hazijaoza?"

"Zinafika," akasema Fanueli, kwa sauti ya mtu aliyekamatwa.

"Swali lingine."

Nilikuwa na maswali mengine tisa. Dakika ya nane dereva akaita, na Hadija akaenda kukaza turubali. Hakurudi. Nikashuka mlimani na soksi zimelowa na moyo umekunjamana, nikijiambia kwamba mtafiti hapaswi kuongozwa na soksi.

Taarifa niliiandika kwa siku mbili. Aya ya kwanza ilieleza umuhimu wa wanawake katika uongozi, ikiwa na rejea tatu. Kisha ikaendelea hivi, na nanukuu kwa sababu nastahili kunukuliwa:

"Hadija ni mama mchapakazi na mwenye uwezo, lakini ana ukali unaopita kiasi. Hana muda wa kusikiliza. Hali hii ni tofauti na enzi za Mwenyekiti mstaafu, Mzee Anord, kiongozi aliyekuwa na msimamo thabiti na aliyeheshimiwa na wote. Inapendekezwa Hadija apewe ushauri wa namna ya kuzungumza na watu. Asipobadilika, nafasi hiyo ipewe mtu mwenye busara zaidi."

Niliisoma mara mbili nikaiona ina haki na mizani. Nikaituma kwa Fanueli. Kisha nikafanya jambo ambalo hakuna aliyenituma. Niliona yale maandiko thelathini na nane hayana sauti ya huku kwetu milimani, na kwamba shirika lingefaidika kuona mfano wa taarifa iliyoandikwa vizuri, isiyo na upendeleo. Nikafuta majina nikabakiza herufi za mwanzo, nikaiweka kwenye mafaili pamoja na nyingine. Namba thelathini na tisa. Kwenye fomu yangu nikaipa sifuri.

Alama za Martin zilifika Alhamisi, siku mbili kabla ya mkutano wa Kwemhula. Nilizilinganisha na zangu nikiwa tayari na kalamu nyekundu. Nikashangaa. Mpaka namba thelathini na nane tulitofautiana mara mbili tu, tena kwa alama moja moja. Kalamu nyekundu ilikuwa bado haijafunguliwa nilipofika mwisho wa jedwali. Namba thelathini na tisa: mimi sifuri, Martin tano.

Nikampigia hapo hapo. Alikuwa sokoni Muheza, ambako mkewe anauza machungwa na iliki. Nilisikia machungwa yakimiminwa kwenye tenga.

"Martin, namba thelathini na tisa umeipa tano."

Tenga likajaa. Likaanza lingine.

"Ndiyo," akasema.

"Tano kwa tano."

"Ingekuwepo sita ningeipa sita."

"Umeisoma vizuri?"

"Mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani ni ya kutungwa, ya kutupima sisi wasomaji kama tuko macho. Makosa yamejaa mno."

"Lakini aya ya kwanza..."

"Aya ya kwanza ni nzuri sana. Amenawa mikono vizuri, kisha akaenda kushika tope." Nikasikia karatasi ikifunuliwa. "Yule mzee anayelalamika amesikilizwa kurasa mbili na nusu. Kiongozi mwenyewe amepata mistari sita. Halafu hajaitwa mwenyekiti hata mara moja, Yusta. Hata moja. Anaitwa H. na mama. Anayeitwa mwenyekiti ni yule aliyekwisha kustaafu."

"Pengine mwandishi hakuwa na muda."

"Alikuwa na muda wa kusifu ukarimu wa mzee. Ukurasa wa pili, juu."

Nilikuwa na nakala mbele yangu. Ukurasa wa pili, juu, palikuwa pameandikwa: "Mzee alitupokea kwa ukarimu mkubwa."

"Unamfahamu mwandishi?" Martin akauliza.

"Kidogo."

"Mimi namwona kabisa. Mwanamume, mtu mzima, wa siku nyingi kwenye vyama vya ushirika, anapenda kupewa kiti. Nimekosea?"

"Hujakosea sana," nikasema, nikamshukuru, nikakata simu.

Nilikaa pale mezani mchana kutwa. Mwanzo nilitafuta makosa ya Martin. Nilitafuta kwa bidii, kama mtu anayetafuta ufunguo huku anajua ameuacha ndani. Kisha nikachukua fomu tupu, nikaijaza upya, safari hii nikijifanya simjui mwandishi. Je, mwanamke ametajwa kwa jina lake au kwa umama wake mahali ambapo wanaume wanatajwa kwa vyeo? Ndiyo. Je, sifa ya mwanamume imegeuzwa kuwa kosa la mwanamke? Nikasoma "msimamo thabiti", nikasoma "ukali unaopita kiasi". Ndiyo. Je, tabia yake imezungumzwa kuliko kazi yake? Mboga hazikutajwa popote. Taarifa ya kurasa nne juu ya ushirika wa mboga, na ndani yake hamna hata karoti moja, isipokuwa zile za Mzee Ismaili. Ndiyo. Je, wanaolalamika wamesikilizwa zaidi kuliko mlalamikiwa? Hilo nilijipa nusu, halafu nikakumbuka fomu haina nusu; niliitengeneza mwenyewe. Ndiyo. Swali la tano liliuliza kama mwanamke anatakiwa apendwe kwanza ndipo afae. Nikaandika ndiyo, nikaenda jikoni nikakaa na mume wangu.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimemalizwa."

Ijumaa asubuhi nikampigia Fanueli nimwombe airudishe taarifa.

"Mwalimu, haiwezekani," akasema. "Nimeshatoa nakala hamsini. Imependwa mno! Mzee Ismaili anatembea nayo mfukoni. Wanasema sasa hata wasomi wamethibitisha."

Nikampigia Hadija. Alipokea mara moja.

"Kama ni ya mboga, sema. Kama ni ya taarifa, nimeisoma." Akakata.

Nilifikiria kuumwa. Nilijishika hata paji la uso. Nilifikiria kuandika barua ya maelezo, fupi, ya heshima, isomwe na katibu nikiwa mbali. Halafu nikaona jinsi ambavyo ningeichambua barua kama hiyo ingeletwa kwangu ikiwa na namba arobaini, nikaenda kutafuta mabuti.

Mkutano ulifanyika bandani pale pale. Watu walikuwa zaidi ya mia, wengine wamekalia magunia matupu, wengine wamesimama. Hadija alikaa kwenye benchi la mbele, pembeni, mikono mapajani, akitazama mbele yake. Mzee Anord, mwenyekiti mstaafu, alikuwa amepewa kiti cha plastiki. Kumbe viti walikuwa navyo, vilitoka shuleni. Fanueli akatangaza kwamba kabla ya taarifa kusomwa, mwandishi mwenyewe ana neno.

Nilikuwa nimeandaa maelezo ya kurasa nne, yenye rejea. Nikaanza na maana ya upendeleo usio wa makusudi. Nikaeleza jinsi ulivyopimwa katika nchi mbalimbali. Nilikuwa bado ukurasa wa kwanza, ndipo mwanamke mmoja mnene, aliyekuja kujulikana kwangu kama Zuhura, akainua mkono.

"Samahani, Mwalimu. Unasema umekosea, au unasema hujakosea?"

"Nimekosea."

"Basi baki hapo hapo."

Watu wakacheka. Nikakunja zile karatasi. Nikasema kwamba nilikaa saa mbili na nusu kwa aliyelalamika na dakika nane kwa mwenyekiti. Kwamba kwa mzee nilipewa chai na kwa mwenyekiti nikalowa miguu, na taarifa yangu iliandikwa na hiyo miguu. Nikasema kwamba nimeandika ukali wa mwenyekiti bila kuuliza walioongoza kabla yake walikuwaje. Halafu, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuaibika na hakuna kilichobaki cha kulinda, nikamgeukia Mzee Anord.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Ulipokuwa mwenyekiti, uliwahi kurudisha mzigo wa mtu?"

Mzee Anord akanyoosha mgongo. "Kila wiki."

"Mimi alinirushia kabichi!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Ikanipata hapa!"

"Za kwangu alizimwaga mtoni zote," mwingine akasema, akicheka kwa mapenzi kabisa. "Alikuwa zumbe, chifu kamili, yule!"

Banda zima likaanza kukumbuka. Kila mtu alikuwa na yake, na kila mmoja aliisimulia kama mtu anayeonyesha kovu la vita alivyoshinda. Mzee Anord alitabasamu akiitikia kwa kichwa.

"Ismaili," akasema, "wewe mwenyewe nilikurudishia mara ngapi?"

Mzee Ismaili alikohoa. "Mara nne. Lakini wewe ulikuwa mwenyekiti."

"Na huyu ni nani?" akauliza Zuhura.

Mvua nyepesi ilikuwa imeanza kugonga mabati. Ningependa kusema kwamba hapo watu wote walifunguka macho, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, hata uso wangu niliuweka tayari. Lakini Mzee Ismaili akasimama.

"Anord alinirudishia, kweli. Alinirudishia mimi na yeye tukiwa wawili. Huyu alinifanya nichekwe na watu mbele ya mkwe wangu. Mkwe wangu tangu siku ile hajapita kwangu. Hilo nalo mtasema ni mambo ya wanawake na wanaume?"

Sikuwa na andiko la kumjibu. Kati ya maandiko thelathini na tisa hapakuwa na hata moja.

Hadija akasimama. Hakwenda mbele, alisimama pale pale kwenye benchi lake, akamgeukia mzee.

"Baba Ismaili. Karoti zilikuwa zimeoza, na zikija hivyo kesho nitazirudisha tena. Zako na za mtu mwingine yeyote. Hilo siliombei radhi. Lakini lile neno la mbuzi, mbele ya mkweo, nilikosea. Niliona watu wanacheka nikanogewa. Naomba unisamehe. Na nitakwenda kwa mkweo mwenyewe kumwambia hivyo hivyo."

"Nimesikia," akasema Mzee Ismaili, akakaa. Kusamehe hakusema.

Kura zikapigwa kwa vikaratasi. Sitini na mmoja walitaka Hadija abaki. Arobaini na wanane walitaka aondoke. Nilikuwa nimetegemea pengo kubwa zaidi baada ya mimi kujidhalilisha kiasi kile, na nilikaa nikijiuliza ni akina nani hao arobaini na wanane, mpaka nikakumbuka kwamba wiki moja nyuma ningekuwa wa arobaini na tisa.

Watu walipotawanyika Hadija akanijia. Nikajiandaa kupokea shukrani kwa unyenyekevu.

"Mwalimu, zile nakala hamsini bado ziko majumbani mwa watu," akasema. "Taarifa nyingine inatoka lini?"

"Wiki ijayo."

"Njoo Jumanne. Jumanne hakuna lori."

Jumapili, baada ya misa, nikampigia Martin. Safari hii hapakuwa na machungwa, nikasikia kimya chake chote.

"Mwandishi wa thelathini na tisa ni mimi," nikamwambia.

Nilisubiri. Nadhani ningeweza kuchemsha chai.

"Nilisema ni mwanamume," akasema hatimaye.

"Ulisema."

"Mtu mzima wa vyama vya ushirika."

"Hilo pia."

"Sikufikiria kabisa kwamba anaweza kuwa mwanamke. Tena msomi wa mambo hayo." Akavuta pumzi. "Basi na mimi niandikie alama moja, Yusta. Usiifute."

Tuliiandika. Kwenye mapitio yaliyokwenda Tanga, taarifa namba thelathini na tisa ilibaki mahali pake ikiwa na tano yake, na chini yake maelezo mafupi kwamba aliyeiandika ni mmoja wa wasomaji, jina lake hili hapa, na kwamba msomaji wa pili naye alikisia vibaya. Shirika likaniuliza mara mbili kama nina hakika nataka ibaki hivyo. Mhasibu wa chuo aliisoma. Siku hiyo alikuja kukaa mezani kwangu kantini, akaagiza chai, akainywa yote ikiwa ya moto, polepole, akinitazama.

Ile Jumanne isiyo na lori nilikwenda Kwemhula saa moja asubuhi nikarudi saa kumi. Hadija alinipeleka kwenye mashamba ya juu na ya bondeni. Aliniingiza mtoni na wanawake wanaoosha karoti nikaosha nami, vibaya, wakanionyesha, nikaosha tena. Alizungumza muda wote. Kumbe ana maneno mengi sana akiwa hana lori. Saa saba tulikula ugali na maharage nyumbani kwake. Nilikuwa macho wakati huo, nikijihadhari nisije nikaanza kuandika kwa tumbo upande wa pili.

Taarifa mpya ilikuwa kurasa mbili. Nilimpelekea mwenyewe kabla ya kumpa Fanueli. Aliisoma amesimama, kidole kikifuata mistari, midomo ikichezacheza.

"Hii ina mboga," akasema. "Vizuri." Akaendelea. Kidole kikasimama. "Hapa. Umeandika mwenyekiti ni mama wa wanachama wote."

"Nilitaka waone upande wako wa..."

"Mzee Anord ulimwandika baba wa wanachama wote?"

"Hapana."

"Mimi nina watoto watatu, Mwalimu. Wananitosha."

Nikamwomba karatasi. Nikaukata mstari huo. Nikaukata na ule uliokuwa chini yake, uliosema kwamba ana tabasamu zuri. Huo alikuwa bado hajaufikia.